Mgonjwa Asiye na Ulimi

Liko swali ambalo huwakabili waganga, walimu, wachungaji na wazazi sawasawa, nalo ni hili: kiumbe aliye chini ya ulinzi wetu anapobadilika hali, naye hana ulimi wa kutueleza lililomsibu, twapata wapi haki ya kusema kwamba twaujua ugonjwa wake? Na tukiisha kuutaja kwa jina, twapata wapi haki ya kumtia dawa? Watu wengi hudhani kwamba hili ni swali la elimu peke yake, na kwamba mwenye kujua ana haki na asiyejua hana. Mimi naona ni swali la maadili pia, kwa sababu mara nyingi twalazimika kutenda wakati hatujui, na namna mtu atendavyo katika giza hilo humfunua zaidi kuliko atendavyo mchana.

Nitalijadili kwa mfano wa kiumbe mnyonge ambaye wengi wenu hamjapata kumwona: tumbawe laini lililofugwa nyumbani ndani ya tangi la kioo. Ningaliweza kuchagua mfano mkubwa zaidi, mathalan mtoto mchanga mwenye homa. Lakini mifano mikubwa hututia hofu na huruma kabla hatujafikiri, na hofu ni mwalimu mbaya wa mantiki. Tumbawe halimlizi mtu. Twaweza kulitazama kwa utulivu, tukajiona wenyewe tulivyo tunapolitazama.

Watoto wa pwani hulijua tumbawe kwa sura ya jiwe. Nyumba za kale za Lamu na za mji wa Gede ulioachwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ya kuta zake ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Kwa hiyo mtu akisema kwamba tumbawe ni mnyama, msikilizaji hudhani anafanyiwa mzaha. Lakini ni mnyama kweli, au tuseme ni ukoo wa wanyama wadogo walioungana mwili mmoja. Kila mmoja wao huitwa polipu, naye ana kinywa kimoja kilichozungukwa na minyiri ya kukamatia chakula. Matumbawe magumu hujijengea kiunzi cha jiwe chini ya miili yao. Matumbawe laini hayajengi kiunzi cha namna hiyo. Mwili wao ni nyama iliyochanganyika na vijiwe vidogo kama chembe za mchanga, na kila polipu yao ina minyiri minane, haizidi wala haipungui. Jamii moja ya matumbawe laini wataalamu waliipa jina la Sarcophyton, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mmea wa nyama. Na jina hilo laonyesha kwamba hata wenye elimu walisita njia panda, wasijue kama wameona mnyama au mti.

Tena ndani ya nyama ya matumbawe mengi unaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia nuru kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Rangi ya kahawia au ya kijani tuionayo katika tumbawe lenye afya aghalabu ni rangi ya mgeni huyo. Kwa hiyo tumbawe ni nyumba ya watu wawili walioshirikiana, na maradhi yake mengi huanza pale ushirika unapovunjika.

Sasa mfikirie kiumbe huyu, ambaye kwao ni bahari yenye chumvi na jua, akiishi sebuleni Kahawa Wendani. Mahali hapa pako kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, kiasi cha kilomita 500 kutoka Mombasa, na zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mfugaji humtengenezea bahari ndogo. Hupima gramu 35 hivi za chumvi maalumu kwa kila lita ya maji yaliyochujwa, hutundika taa yenye nuru kali, huweka pampu za kuyasukuma maji yaende na kurudi mithili ya mawimbi, na huweka kipasha joto ili maji yakae kati ya nyuzi 24 na 27, ilhali nje ya dirisha usiku wa Julai hewa imeshuka chini ya nyuzi 15. Umeme ukikatika, mawimbi husimama, joto huanza kushuka, na hewa iliyomo majini hupungua. Maji yakigeuka mvuke, chumvi haiondoki pamoja nayo. Hubaki nyuma, na bahari ndogo huzidi ukali kila siku mpaka mfugaji arudishe maji matamu kiasi kile kile kilichopotea. Bahari kubwa haina haja ya mlinzi wa namna hiyo. Hii ndogo, mlinzi wake akilala, nayo huugua.

Jirani yangu mmoja, fundi wa umeme kwa kazi yake, ana tangi la lita 200 lenye tumbawe la jamii ile ya Sarcophyton. Wafugaji huliita tumbawe la ngozi, kwa kuwa nyama yake hufanana na ngozi iliyolainishwa. Umbo lake ni kama uyoga mkubwa, na katika siku njema kofia yake hujaa polipu zinazopepea kama shamba la nyasi changa. Siku moja likajifunga. Polipu zote ziliingia ndani, kofia ikajikunja, uso wake ukang'aa kana kwamba umepakwa nta, na rangi yake ikafifia. Siku ya tatu ikapita, na ya tano, na ya nane, nalo li vile vile. Mke wake akamwambia, "Baba watoto, hilo limekwisha kufa. Litoe kabla halijaninukishia nyumba." Naye akajibu, "Mama, nipe siku mbili nilitazame." Rafiki yake mwingine akamletea chupa ya dawa yenye shaba ndani yake, ambayo ilikuwa imewaponya samaki wake madoa meupe, akamhimiza aimimine usiku ule ule.

Lau angaliimimina, hadithi ingalikwisha hapo. Shaba ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kipimo ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono. Lakini yule fundi ni mtu wa kupima kabla ya kushika waya. Alipima chumvi, akapima joto, akapima kalisi, akaona vyote vi mahali pake. Alililigusa tumbawe kwa kidole, akaona nyama ni ngumu na imara. Alichota maji ya karibu nalo akayanusa, hakuona harufu ya kuoza. Akaigeuza pampu moja ili mkondo upite juu ya kofia. Siku ya kumi na mbili ule uso wa nta ulianza kubanduka vipande vipande, mfano wa gamba la nyoka, maji yakavichukua, na polipu zikafunguka tena moja baada ya nyingine. Tumbawe halikuwa gonjwa hata kidogo. Matumbawe ya ngozi yana desturi hii: kila baada ya muda hujifunga, hutoa utando, kisha huuvua pamoja na uchafu na mwani ulioota juu yake. Kile kilichoonekana kuwa ni kufa kilikuwa ni kuoga.

Natamani tukae kidogo na ile chupa ya shaba. Kwa nini rafiki yule alitaka imiminwe usiku ule ule? Alikuwa na moyo mwema. Alikuja kwa miguu na giza limeingia. Alipolitazama tumbawe lililojifunga aliona uchungu, na uchungu ule ulikuwa wake mwenyewe, ndani ya kifua chake. Chupa ingaliuondoa. Mtu akisha kumimina dawa hupumua, hukaa kitini, hujiambia ya kwamba ametimiza wajibu. Na yote hayo hutokea kabla mgonjwa hajapata nafuu yoyote, hata kama hataipata kamwe. Hapa ndipo pana hatari kubwa katika kazi ya kutunza wengine: dawa yaweza kumtuliza mganga ikamuua mgonjwa, na mganga asitambue kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitibiwa.

Historia ina mfano maarufu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alifariki tarehe 14 Desemba 1799 kwa maradhi ya koo yaliyompata ghafula. Katika saa zake za mwisho alitolewa damu mara kadhaa, na kwa wingi wa kutisha, kwa sababu elimu ya zama zile ilifundisha kwamba kuipunguza damu ni kuupunguza ugonjwa. Waganga wake hawakuwa wajinga kwa kipimo cha wakati wao, wala hapana aliyemtakia mabaya. Mmoja wao, Elisha Dick, aliyekuwa mdogo kwa umri kuliko wenzake wawili, alipinga asitolewe damu zaidi, lakini shauri lake halikufuatwa. Mbele ya mtu mkuu anayekosa pumzi, kukaa bila kufanya neno kulionekana kuwa ni ukatili. Sisi tulio mbali twaona upande upi ulikuwa na ukatili, lakini tusijisifu. Sisi hatukuwa ndani ya chumba kile.

Walakini msikimbilie kuishangilia subira, maana nina mfano wa pili ambao ni kinyume cha wa kwanza. Katika mtaa ule ule mama mmoja mwenye duka la vitabu alikuwa na matumbawe ya jamii ya Xenia. Haya ni mazuri ajabu: minyiri yake hufumba na kufumbua mchana kutwa kama viganja, bila upepo wala mkondo kuisukuma. Siku moja viganja vilipunguza mwendo. Mama yule alikuwa amekwisha kuisikia habari ya jirani yetu na tumbawe lililooga, akasema moyoni, nami nitangoja. Akangoja. Siku ya nne Xenia zilianza kuyeyuka, na ya tano zilikuwa ute wenye harufu mbaya. Alipopima chumvi, akakuta gramu 41 kwa lita. Kijana aliyemsaidia kazi alikuwa akiona maji yamepungua, naye kwa bidii njema alikuwa akijaza maji ya chumvi yaliyowekwa akiba katika pipa, badala ya maji matamu. Hakuna aliyepata kumweleza kwamba chumvi haipandi na mvuke. Kwa kweli yule mama alitaka kumkaripia, kisha akaona haya. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kutojua jambo ambalo mwenye nyumba hakumfundisha.

Wahenga wametuachia methali mbili zinazopigana hadharani. Moja husema haraka haraka haina baraka, na nyingine husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi mwerevu hutumia ile inayomfaa kwa insha yake na kuificha nyingine. Lakini mtu anayesimama mbele ya tangi hawezi kuificha hata mojawapo. Akimfuata wa kwanza, Xenia zitakufa. Akimfuata wa pili, tumbawe la ngozi litauawa kwa shaba. Basi afanyeje?

Maoni yangu ni kwamba methali zote mbili zazungumza juu ya wakati, na jambo letu halihusu wakati. Wote wawili walingoja. Fundi alingoja siku kumi na mbili, mama alingoja nne, na aliyengoja muda mrefu ndiye aliyepata salama. Tofauti iko katika kile kilichokuwamo ndani ya kungoja kwao. Kungoja kwa fundi kulikuwa na kazi: alipima, aligusa, alinusa, aliandika daftarini kila jioni alichokiona, na usiku alikuja na tochi. Kila siku alikuwa na sababu mpya ya kuendelea kungoja. Mama aliazima matokeo ya mwenzake bila kuiazima kazi yake. Alitumia jina la subira kwa jambo ambalo, tukilitaja kwa haki, ni kutotazama. Na kutotazama kuna ubaya ule ule wa ile chupa, kwa kuwa nako humpa mlinzi raha kabla mgonjwa hajapata neno.

Kuna utaratibu katika kutazama, na utaratibu huo una adili ndani yake. Mfugaji mwanagenzi, akiona tumbawe moja limeinama, huuliza mara moja, "Huyu ana nini?" Mfugaji mzoefu huuliza kwanza, "Nani mwingine?" Ikiwa matumbawe yote yameinama pamoja, hapana faida ya kumchunguza mmoja mmoja, kosa limo katika maji, yaani katika nyumba, na nyumba ni kazi ya mlinzi. Chumvi, joto, nuru, mkondo, uchafu uliolimbikizana, sumu ya dawa ya mbu iliyopulizwa sebuleni: hayo ndiyo ya kuulizwa. Ikiwa mmoja tu ndiye mgonjwa, na wengine wamestawi, hapo ndipo tuna ruhusa ya kumtazama yeye na jirani zake.

Nasema jirani zake kwa makusudi. Matumbawe laini hayana meno wala pembe, na kwa macho yetu yamekaa kwa amani kama maua katika bustani. Kumbe yanapigana. Mengi yao hutoa majini dawa kali za kuwazuia wengine wasikue karibu, na katika bahari kubwa dawa hizo huchukuliwa na mkondo, lakini katika lita 200 hazina mahali pa kwenda. Tumbawe dogo laweza kudhoofika mwezi mzima karibu na kubwa lenye afya tele, na mfugaji akalipa lile dogo kila namna ya chakula bila mafanikio, kwa kuwa anamtibu aliyepigwa badala ya kumwondoa mpigaji. Dawa yake ni kuyatenganisha, kubadili sehemu ya maji, na kuweka katika chujio mkaa maalumu unaonasa sumu hizo.

Na wako maadui wanaotembea usiku. Yuko konokono wa bahari mwenye koa jeupe linalong'aa kama yai, ambaye chakula chake ni matumbawe laini. Na wako konokono wasio na koa kabisa, wenye rangi ile ile ya tumbawe wanalolila, hata mtu aweza kumtazama mmoja wao asimwone. Mchana hujificha chini ya kofia. Mfugaji anayetazama saa sita mchana tu, kisha akaandika kwamba ametazama, amesema kweli isiyo na manufaa.

Iwapo nyama imeanza kuoza mahali pamoja, basi subira imekwisha kazi yake na kisu kina zamu. Kwa wembe mkali sehemu iliyooza hukatwa, pamoja na kipande cha nyama nzima iliyo kando yake, ili ubovu usibaki. Tumbawe la ngozi huvumilia kukatwa. Hata kipande kidogo kilichokatwa, kikifungwa juu ya jiwe, huweza kuota na kuwa tumbawe jingine. Nimeona watu walioshindwa kukata kwa ajili ya huruma. Huruma yao ilikuwa ya kweli, nayo iligharimu tumbawe zima.

Hata hivyo ishara ngumu kupita zote ni ile inayopendeza. Nimekwisha kutaja mwani unaoishi ndani ya tumbawe. Joto likizidi au nuru ikizidi, ushirika wao huvunjika, na tumbawe humtoa mgeni wake. Rangi ya kahawia huondoka, na badala yake huja rangi ya waridi iliyopauka, au samawati hafifu, au weupe wa theluji. Wageni wakiingia sebuleni husema, "Lo, limependeza kuliko mwezi uliopita!" Tumbawe hilo halijafa, likipozwa na kupunguziwa nuru kwa wakati laweza kumrudisha mgeni wake katika muda wa majuma. Lakini liko katika njaa, na watazamaji wanaisifu njaa yake. Kwa upande mwingine tumbawe linaporefuka shingo, likawa refu na la kuvutia, mara nyingi linatafuta nuru lisiyoipata. Sura yenyewe haitoi ushahidi. Aliyejifunga alikuwa akioga, na aliyependeza alikuwa akifa njaa.

Msidhani kwamba taabu hii ni ya wafugaji wa mapambo tu. Sisi tukaao Kahawa Wendani tu jirani na Ruiru, mahali penye kituo cha utafiti wa kahawa, na zao hilo lilipata funzo lile lile kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1922 ulionekana nchini Kenya ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi. Chanzo chake ni kuvu. Lakini juu ya mikahawa hukaa pia kuvu nyingine za jamii ile ile zisizo na madhara hayo, na kwa miaka mingi zile mbaya na zile zisizo mbaya zilihesabiwa chini ya jina moja. Ni mwaka 1993 tu ambapo ile mbaya ilitengwa rasmi na kupewa jina lake, Colletotrichum kahawae, jina ambalo ndani yake limo neno la lugha yetu. Wakulima hawakuweza kungoja majina yakamilike. Waliendelea kunyunyiza dawa, na watafiti wa Ruiru waliendelea kuchanganya mbegu, hata mwaka 1985 wakatoa aina ya mkahawa iitwayo Ruiru 11, yenye kuustahimili ugonjwa huo. Kwa hiyo yawezekana kutibu kwa haki hata kabla ya kujua yote, mradi mtu ajue ni lipi analolijua na ni lipi analolikisia, wala asiyachanganye.

Katika chuo cha ualimu hufundishwa namna ya kumtambua mwanafunzi mwenye matatizo, na mara nyingi nimefikiri kwamba mafunzo hayo yangefaa kuanza mbele ya tangi. Mwanafunzi akinyamaza darasani siku nane, walimu huwa na chupa zao tayari: mmoja huleta uvivu, mwingine huleta kiburi, wa tatu huleta ukosefu wa malezi. Yamkini hauoni ubao. Yamkini ameketi karibu na mwenzake anayemtia sumu kidogo kidogo. Yamkini darasa zima limeinama, na kosa limo katika maji. Na yamkini hana ugonjwa wowote, anakua, na katika kukua amejifunga kwa muda. Lakini baina yake na tumbawe kuna tofauti moja ambayo haifai kusahauliwa: yeye ana ulimi. Tumbawe twalihukumu bila kuliuliza kwa sababu hatuna njia nyingine. Kumhukumu mwanadamu kwa namna hiyo, ilhali yuko mbele yetu na anaweza kujibu, ni kumvua ubinadamu wake kwa ajili ya kuokoa dakika tano.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba nimepita juu ya swali kubwa kuliko yote, yaani kama ni halali kumtoa kiumbe baharini na kumleta milimani ili apambe sebule. Sikulisahau. Tumbawe la jirani yangu lilikatwa kutoka katika tumbawe la mfugaji mwingine, halikung'olewa mwambani, na jambo hilo hupunguza lawama. Halipunguzi wajibu. Aliye baharini akiugua, hakuna mtu mmoja aliyeufunga mlango wake. Aliye ndani ya kioo, mlango wake umefungwa na mtu mwenye jina na anwani. Kwa hiyo mfugaji hana haki ya kusema "sikujua" kwa wepesi kama msafiri apitaye. Asiyekuwa na nafasi ya kutazama kila siku na asifuge.

Na baharini kwenyewe hali ikoje? Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida kwa sababu ya El Niño, matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka, na katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe magumu yalikufa; na matumbawe laini nayo hayakusalimika. Malindi na Watamu, ambako hifadhi za bahari zilikuwa zimewekwa tangu mwaka 1968, hazikuokolewa na mipaka yake, kwa kuwa joto halisomi ramani. Tangu wakati huo kupauka kumerudi mara kwa mara, na mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika kupauka kwa nne kwa matumbawe kulikoenea bahari zote.

Hapa jambo letu limegeuka chini juu. Mbele ya tangi tulikuwa na shida ya kutojua, na kishawishi chetu kilikuwa kutenda kabla ya kujua. Mbele ya bahari ugonjwa umetambuliwa. Tumeuliza "nani mwingine?" na jibu limekuja kutoka kila pwani: wote. Basi kosa limo katika maji, na tunajua ni moshi wa viwanda, wa magari na wa mitambo ya umeme wa dunia nzima unaoyapasha joto. Hapana chupa ya haraka ya kumimina, na kwa sababu hiyo watu wanaosema "tungoje tuone" wamekuwa wengi, na wengine wao wana elimu kubwa. Nawauliza kungoja kwao kuna kazi gani ndani yake.

Huko Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi walioona samaki wao wakipungua walikubaliana mwaka 2005 kulifunga eneo la bahari la kiasi cha hekta 30, pasivuliwe chochote. Eneo la namna hiyo huitwa tengefu. Wengi wao walikuwa wakiishi kwa kuvua hapo hapo, na kila siku ya kungoja ilipimwa kwa chakula cha watoto wao. Hawakumimina kitu baharini. Waliondoa mikono yao, kisha wakaweka walinzi wa kutazama. Samaki walirudi, na baadhi ya matumbawe yakaanza kuota tena. Joto la maji hawakuweza kulipunguza. Hilo halikuwa katika uwezo wa kijiji kimoja, na bado halimo.